Mkanda Usiokutana

Wali wa nyumbani kwetu ulinukia mkanda. Sisemi mkanda wa suruali, nasema mkanda wa video, lile boksi jeusi la plastiki lenye vidirisha viwili, ambalo ninyi mliokua enzi za deki mnalikumbuka, na watoto wenu wakiliona wanauliza ni betri ya kitu gani. Harufu yake ni ya plastiki iliyopata joto, vumbi, na uvundo kidogo. Kwa wenzangu wengi ni harufu ya sebule ya jirani mwenye televisheni. Kwangu ni harufu ya chakula cha mchana, kwa sababu baba yangu mdogo, Eliya, alikuwa anahifadhi mikanda yake ndani ya pipa la mchele la Bibi.

Alikuwa na sababu zake. Kilosa ina unyevu, mto ukijaa hata kuta zinatoa jasho, na mkanda wa video ukishashika ukungu ndiyo basi tena. Sijui nani alimwambia kwamba mchele unanyonya maji. Siku hizi watu wanazika simu zilizolowa kwenye mchele na kujiona wajanja, Ba'mdogo alishafika huko zamani. Bibi akichota mchele wake wa Tindiga, kopo linagonga kitu kigumu. Anakichomoa, anakitazama, anamtaja Yesu, kisha anakirudisha palepale, maana kitinda mimba wake hakuwa mtu wa kuambiwa akasikia.

Majuzi sanduku la mikanda ile limeletwa kwangu. Nilipofungua kifuniko, harufu ilinipiga puani, na mimi mtu mzima, muuguzi wa zahanati, mama wa watoto, nikasikia njaa. Halafu nikalia. Nadhani ni mimi peke yangu nchi hii ninayeweza kulia na kutamani maharage kwa wakati mmoja kwa sababu ya kaseti.

Ba'mdogo alikuwa na kibanda cha video Mikumi, hatua chache kutoka barabara kuu, pale malori yanapopumzika kabla ya kuendelea na safari ya Tunduma. Mwisho wa juma alikuja kwetu Kilosa, nilikolelewa na Bibi. Vibanda vingine vyote vilionyesha ngumi na bunduki. Cha kwake kilionyesha ngumi na bunduki pale tu alipobanwa na wateja. Mwenyewe alipenda mikanda ya kuogofya, na tena si ile ya majini yenye meno. Alipenda ile ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, iliyotengenezwa na watu wachache kwa vifaa vya kuungaunga, chumba kimoja, taa moja, mwigizaji mmoja mwenye koti moja tangu mwanzo hadi mwisho, na hofu yote imo kichwani mwake. Aliipata kwa madereva, na mingine kwenye mizigo iliyosahauliwa na watalii, akawalipa madereva kwa mchele wetu. Bibi alikuja kugundua baadaye kwamba pipa lake halikuwa linajaa mikanda tu, lilikuwa pia linapungua mchele.

Mingi haikuwa hata na jina, karatasi zilishabanduka, basi aliipa majina mwenyewe: Mama wa Ukutani, Kioo cha Bafuni, Mtu Hajafika. Ulikuwapo mmoja ambamo kivuli cha mshika kamera kinaonekana kabisa ukutani, kosa la wazi, mtengenezaji hakuwa na uwezo wa kurudia. Wateja walizomea. Ba'mdogo alinieleza kwa uso wa mtu anayefafanua Maandiko kwamba hicho kivuli ndicho utamu wenyewe. Kwenye mkanda wa gharama kila kitu kimewekwa na mtu, unajua kabisa unatishwa na fundi. Kwenye hii ya ovyo hujui kipi kimewekwa na kipi kimejileta. Nilikuwa mdogo, nilitikisa kichwa kukubali, na tangu hapo nikawa naogopa kila kivuli kisicho na kazi maalumu.

Alikuwa anatafsiri mwenyewe, amesimama pembeni ya televisheni, ingawa lugha za mikanda ile hakuna aliyezijua, yeye akiwa wa kwanza. Mtu akikaa kimya akitazama mlango, utingo na madereva wakianza kuguna, Ba'mdogo alitangaza kwa utulivu, "Anawaza." Baada ya muda mrefu, "Bado anawaza." Walikuwa wakitoka mmoja mmoja kwenda kwa jirani kwenye milio ya bunduki. Aliyebaki siku zote alikuwa Saitoti, kijana wa Kimaasai aliyekuwa anachunga ng'ombe huko mbugani. Aliketi kwenye benchi la mbele, fimbo mapajani, hasemi neno. Ba'mdogo alipomuuliza anaona nini humo, alijibu kwamba simba ukimwona si tatizo, tatizo ni ng'ombe wote wanapogeuza vichwa upande mmoja na wewe huoni kitu. Tangu siku ile wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Sheria za Ba'mdogo zilikuwa mbili. Ya kwanza, mkanda wa namna hii hautazamwi vipandevipande. Ukikatizwa, unaanza upya, kwa kuwa hofu haiungwi kwa gundi. Ya pili, ukishamaliza, rudisha mkanda mwanzo. Deki yake haikuwa na akili ya kurudisha yenyewe. Kumpelekea kaseti ambayo utepe wote umelala upande wa kulia lilikuwa kosa la kutosalimiana nalo, na kwetu mtu asiyesalimiwa hahesabiwi kuwa hai.

Sasa sikilizeni jinsi neno moja lilivyoniponza. Bibi alisoma misheni na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni. Kile kinachofungwa kiunoni alikiita mshipi, na asingekubali kiitwe vinginevyo mbele yake. Hivyo nyumbani kwetu mkanda ulikuwa kitu kimoja tu, mkanda wa video. Ndipo siku moja Ba'mdogo akarudi kutoka Mikumi katikati ya juma, ameegemea upande mmoja, na televisheni yake na deki yake vimefungwa kwenye shuka. Akaingizwa chumba cha sebuleni, pazia likavutwa. Nilipouliza ana nini, mama Yusta jirani yetu alinijibu kwa kunong'ona, "Ana mkanda wa jeshi."

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Hatimaye ameona mwanga. Baada ya miaka ya watu kutazama milango, baba yangu mdogo amepata mkanda wa jeshi, yaani vifaru, helikopta, makamanda wanaotambaa matopeni. Nilijua kwa nini wananong'ona, lazima ni mpya, hawataki watoto wa mtaa mzima wajae. Nami sikuweza kujizuia. Kesho yake shuleni nilitangaza wakati wa mapumziko, na sikuacha kupamba.

Alasiri walikuja wengi kuliko nilivyowaalika, wamenawa miguu, wengine wamebeba vigoda vyao. Wakasema shikamoo kwa pamoja. Bibi akaitikia marahaba, akidhani wametumwa na shule kumwona mgonjwa, akafurahi sana, hata akawakaribisha hadi mlangoni pa sebule. Kiranja wetu akajitokeza mbele kwa heshima zote.

"Bibi, tumekuja kuona mkanda wa jeshi."

Ninyi mnaokumbuka nyakati zile mnajua ugonjwa ule wa malengelenge ya kiunoni ulikuwa na sifa gani. Mtu akiupata, watu walishusha sauti wakaanza kuhesabu marafiki zake wa kike. Bibi alishakesha akiomba neno hilo lisitoke nje ya kuta, na sasa lilikuwa limekuja na vigoda. Ufagio wa chelewa ulikuwa karibu. Walitawanyika kupitia migombani, na mmoja hadi leo ananidai kigoda, ingawa ni mkurugenzi wa watu huko aliko. Mimi nilipata haki yangu jikoni, na bado sikuelewa kosa langu ni lipi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, Ba'mdogo alimwambia mama yake kutoka kitandani, na kucheka kulimuumiza akaguna.

Kwa hiyo nilijua anaumwa. Nikafikiri: anaumwa, na pia ana mkanda wa jeshi. Kwangu hayo yalikuwa mambo mawili mbalimbali, mpaka siku niliyokuwa napepeta mchele nyuma ya jiko. Bibi na mama Yusta walikuwa wakizungumza upande wa pili wa ukuta. Walizungumza Kikaguru, lugha waliyotumia kwa mambo ya kuficha watoto, na mimi nilikuwa nakiokota kidogo tu. Lakini mama Yusta hakuwa Mkaguru kwa asili, hivyo kila alipokwama aliingiza Kiswahili, na Kiswahili kile kikaniingia kama kilivyo.

"Umezunguka mpaka wapi?" aliuliza.

Bibi akajibu umeshafika ubavuni.

"Basi uombe. Mkanda wa jeshi ukizunguka mpaka ukakutana, mtu hana lake. Anakufa."

Niliacha ungo chini. Yote yaliungana kichwani mwangu mara moja. Ndani ya deki pale sebuleni kulikuwa na mkanda mmoja tu tangu Ba'mdogo aje. Alipewa na dereva wa Zambia muda mfupi kabla ya kuugua, na alikuwa hajawahi kuumaliza, maana maumivu yalikuwa yanamkatiza na sheria yake ilimtaka aanze upya. Aliuita Mlango. Ni mtu mmoja ndani ya chumba, na mlango unaogongwa. Anagonga nani, hatuoni. Mtu yule hafungui, na haondoki. Na je, alikuwa amevaa nini muda wote? Koti la jeshi. Koti refu la kijeshi lenye vifungo vikubwa. Mkanda wa jeshi ndio huo. Nilikwenda nikachungulia kidirishani mwa kaseti pale deki ilipoitema, nikaona utepe umeshahama nusu kutoka kushoto kwenda kulia. Umefika ubavuni. Ukimalizika kuzunguka, baba yangu mdogo anakufa.

Mnacheka. Mimi sikucheka. Ba'mdogo ndiye aliyekuwa ananifunga kamba za viatu, ndiye aliyekuwa ananiita bibi yake kwa kuwa nilipewa jina la mama mzazi wa Bibi, ndiye pekee katika ukoo aliyenijibu maswali yangu kana kwamba yanastahili. Baba yangu alikuwa mbali kikazi na alikuja na zawadi. Ba'mdogo alikuja na muda. Nilijua kabisa kwamba akifa, hakuna mwingine aliyebaki.

Nikaanza kazi. Kila alipoweka Mlango, nilikaa mkao wa kuhesabu pumzi. Utepe ukikaribia kuisha, nilijifanya nimeshikwa na tumbo. Siku nyingine nilimwambia kwamba anaitwa na Bibi, na Bibi aliyekuwa usingizini akaapa kwamba hakuita mtu. Siku nyingine nilizima swichi kuu iliyokuwa nje, kisha nikaingia nikilalamika kuhusu watu wa umeme kwa maneno niliyoyasikia kwa wakubwa. Ba'mdogo aliwalaani watu wa umeme, wakasingiziwa siku hiyo kwa jambo ambalo kweli hawakulifanya, na umeme uliporudi alirudisha mkanda mwanzo. Kila aliporudisha, nilisikia ile sauti ya utepe unaokimbia kinyumenyume na moyo wangu unatulia. Alikuwa amepata nafuu ya siku moja na hajui.

Bibi mwenyewe siku moja aliketi akautazama kidogo huku akichambua mboga. Mlango ulipogongwa, alitikisa kichwa. Alisema shida yote ya watu hao ni malezi. Huyo anayegonga angepiga hodi, na huyo wa ndani angesema karibu, kila mtu angekuwa ameshakula na kulala. Watu wasiojua hodi lazima waogopane. Ba'mdogo akasema mama, umeua mkanda mzima. Bibi akajibu kwamba ndiyo maana alinipa mimi jina la Roda, la mama yake mzazi, lililotoka kwa yule msichana wa kwenye Matendo ya Mitume: Petro alipogonga mlango, alisikia sauti akaijua, na kwa furaha akakimbia kuwaambia watu bila kumfungulia. Angalau yule alimjua anayegonga.

Halafu ikaja siku mbaya. Ilikuwa mchana, jua la saa saba, Bibi amekwenda kwenye kikao cha akina mama kanisani. Alikuwa amenifumua nywele upande mmoja, akachelewa, akaniacha na upande mmoja mabutu na upande mwingine nywele zimesimama zote. Aliniachia pia kazi ya kuchekecha unga, nami kwa kuogopa kuchafua gauni nilibaki na shumizi nyeupe. Nikiwa huko nikasikia kutoka sebuleni kwamba mkanda umeshafika mbali. Ba'mdogo alikuwa ameamka na nguvu siku hiyo, akaapa kwamba leo hata nyumba ikiungua anamaliza. Nilikimbilia swichi kuu. Bibi, kwa kuchoka na umeme wa kukatikakatika, alikuwa ameifungia kufuli kwenye kisanduku chake.

Tumbo lilishatumika. Bibi hayupo nyumbani. Nilikuwa nimebaki na ukweli tu.

Niliingia sebuleni bila viatu. Pazia limevutwa, chumba giza, Ba'mdogo amelala ubavu kwenye mkeka, kifua wazi, dawa nyeupe imepakwa kutoka mgongoni kuja tumboni. Kwenye televisheni yule mtu wa koti amesogea mpaka kwenye kitasa, mkono umenyooka. Nikaenda nikasimama mbele ya kioo cha televisheni, mgongo kwenye mwanga, unga usoni, nywele nusu. Sikutaka kumshtua mgonjwa, kwa hiyo nilisema polepole, kwa sauti ya chini kabisa.

"Usimalize. Ukifika mwisho utakufa."

Nyuma yangu, kwenye mkanda, mlango ukagongwa.

Baba yangu mdogo alikuwa amekusanya hofu maisha yake yote. Aliibadilisha kwa mchele. Aliwatetea watu wa vyumba vyenye taa moja mbele ya madereva waliochoka. Lakini nadhani siku ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukutana nayo ana kwa ana. Alirudi nyuma na mkeka wote mpaka ukutani. Akaanza Baba Yetu, akaruka mkate wa kila siku akafika moja kwa moja kwenye utuokoe. Kisha, kwa sauti ambayo sikuijua, akaniuliza, "Nani amekutuma?"

"Mama Yusta," nikamjibu.

Niliona uso wake ukirudi taratibu kutoka huko ulikokwenda. Shetani hatumwi na mama Yusta. Akanisogelea, akanifuta unga kwa kiganja, akazima televisheni, akaniomba nimwambie mambo yote tangu mwanzo. Nikampa mkanda mzima, kama watu wanavyosema: jeshi, koti, kuzunguka, ubavuni, kukutana, swichi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, na naheshimu hilo hadi leo. Kisha akainua mkono akanionyesha ubavu wake, malengelenge yamejipanga mstari, akasema hili nalo watu wanaliita mkanda wa jeshi, lakini na ule wa kwenye deki si ndugu.

"Kwa hiyo huu wa mwilini ndio ukikutana unakufa?" niliuliza.

Hapo ndipo alipotakiwa kunidanganya. Hakudanganya. Alisema watu wanasema hivyo, daktari anasema sivyo, na yeye ameamua kumwamini daktari lakini saa nyingine akiwa peke yake anamwamini mama Yusta. Alikuwa anaogopa. Mtu mzima aliyeketi pale mkekani alikuwa anaogopa kitu kilekile ninachokiogopa mimi. Ndiyo maana alikuwa anatazama mkanda ule kila siku, nilikuja kuelewa nilipokua: mtu ndani ya chumba, anagongewa, hajui ni nani. Nikaanza kulia. Naye akaanza kucheka, si kwa dharau, kicheko cha mtu aliyeachiwa, akashika mbavu, akalia kwa maumivu, akacheka tena. Bibi aliporudi kutoka kanisani alitukuta hivyo, akatazama nywele zangu, akaomba samahani kwa Mungu kwa kuzifumua nusu.

Ba'mdogo alitoa kaseti kwenye deki akanikabidhi mikononi. Akasema nishike mimi, hautaguswa hadi apone. Niliuzika mwenyewe kwenye pipa la mchele, chini kabisa.

Mkanda wa mwilini haukukutana. Ulikomea karibu na kitovu, ukakauka, ukaacha makovu ya upande mmoja. Aliyedhani ataanza kuhesabu marafiki zake wa kike aliaibika, maana vipimo vya damu havikuonyesha kitu, na Bibi alihakikisha mama Yusta amelisikia hilo kwa Kiswahili fasaha. Siku ya kurudi Mikumi nilifukua kaseti nikampa, kwa shingo upande. Akasema nisiwe na wasiwasi, hataumaliza. Nilidhani ananibembeleza. Lakini alisema amefikiria: ameutafuta mkanda wa kumtisha miaka na mikaka, ameupata sebuleni kwa mama yake, saa saba mchana, umevaa shumizi. Hakuna mwisho wowote wa mzungu wa koti unaoweza kuzidi pale.

Na hakuumaliza. Alifanya zaidi. Alianza kuuonyesha kibandani, na kabla ya kuanza alisimama mbele ya wateja akapandisha shati. "Mkanda huu mwisho wake unaua," aliwaambia. "Mimi nilikaribia tu." Makovu yalikuwa pale, nusu ya kiuno. Madereva waliokuwa wakimkimbia walikaa wameshikana mikono. Mtu anatazama mlango, yeye anatafsiri, "Anawaza," na hakuna aliyeguna. Mkono ulipofika kwenye kitasa, Ba'mdogo alibonyeza akazima. Wakilalamika aliwajibu, "Uliobaki mtaukuta Tunduma." Wapo waliofika Tunduma wakaulizia kweli. Mmoja alirudi akidai ameuona, mlango ulifunguka akaingia mama wa yule mtu. Mwingine akasema mwongo, aliyeingia ni yeye mwenyewe. Walipigana ngumi mbele ya kibanda kwa ajili ya mwisho ambao hakuna kati yao aliyeuona, na hiyo ndiyo ngumi pekee Ba'mdogo aliyowahi kuifurahia.

Deki zilikufa, vibanda vikafuata. Bibi alitangulia mbele za haki. Ba'mdogo alizeekea kwenye chumba kimoja huko Mikumi, taa moja, televisheni yenye mgongo, hakuoa, na alisema ameshaishi ndani ya mikanda yake kiasi kwamba sasa amefanana nayo. Mimi nikawa muuguzi. Nadhani mnajua kwa nini. Hata wiki iliyopita alikuja mtu mzima, ameinamia upande mmoja, akaniuliza kwa kunong'ona, sista, ukikutana inakuwaje? Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote: hushika upande mmoja wa mwili, hauna haja ya kukutana na chochote, meza dawa, utapona. Ninalisema hilo kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika.

Ba'mdogo alifariki mwaka huu, moyo ulichoka, hospitalini, mkono wake mkononi mwangu. Hakukuwa na hofu usoni mwake na hilo lilinishangaza, maana nilikuwa nayo ya kututosha wote wawili.

Sanduku aliliacha kwangu. Nikapiga picha nikaweka kwenye simu ili wenzangu wa zamani wacheke. Badala yake akanipigia kijana mmoja wa Dar, mkusanyaji, aliyezungumza haraka kama mtu anayehofia nitakata. Alisema duniani wapo watu wanaotafuta mikanda kama hiyo usiku na mchana, iliyosahauliwa hata na walioitengeneza, na kadiri inavyokuwa ya ovyo ndivyo wanavyoipenda. Nilitamani Ba'mdogo angesikia. Aliitaja yote kwa majina yake halisi nilipomsimulia, isipokuwa mmoja niliouruka. Akaniuliza ule wa pembeni pichani ni upi. Nikamwambia Mlango. Akaniuliza unaishaje.

Ndipo nikautoa nje ya boksi, nikaona kitu kilichonikalisha chini. Utepe wote ulikuwa upande wa kulia. Mtu ambaye angekunyima salamu kwa kutorudisha mkanda, alikuwa ameuacha wa kwake mwishoni kabisa.

Nilimuuliza Saitoti, ambaye ndiye aliyeniletea sanduku. Ni mzee sasa, ana wajukuu na goti bovu, na hakuacha kumpelekea rafiki yake maziwa hadi mwisho. Nilimpa shikamoo yake, nikampa chai, nikamwonyesha kaseti. Aliiweka mapajani, pale fimbo ilipokuwa zamani.

Alisema ilikuwa alasiri, siku moja kabla sijaja kumchukua kumpeleka hospitali. Walitazama pamoja kama zamani. Mkono ulipofika kwenye kitasa, yeye akasubiri rafiki yake azime. Hakuzima. Alimgeukia akamwambia, "Saitoti, toka nje kaangalie ng'ombe. Mimi leo nafika Tunduma."

"Na wewe ukatoka?" nikamuuliza.

"Nilitoka, mwanangu. Nina wajukuu."

Alisimama nje ya mlango, akasikia ule wa kwenye mkanda ukigongwa. Halafu kupitia ukutani akamsikia baba yangu mdogo akijibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri na mama yake.

"Karibu. Pita ndani."

Baada ya hapo alimsikia anacheka. Alipoingia, kioo kilikuwa chenga tupu, na Eliya amelala usingizi. Hakumwuliza aliona nini. Naye hakusema.

Kijana wa Dar amekuja, ameondoka na sanduku, amefurahi mpaka amesahau kuaga. Mmoja sikumpa. Juzi watoto walipokuwa shuleni niliunganisha deki, nikaurudisha mwanzo kama sheria inavyotaka, nikausikiliza unavyokimbia, nikautazama bila kukatizwa. Anawaza. Bado anawaza. Mkono ulipofika kwenye kitasa nilijikuta nimesimama mbele ya kioo, kama siku ile, ila safari hii nikiwa nautazama mlango. Ukagongwa. Najua kila ninachowaambia wagonjwa wangu. Lakini mimi ndiye Roda, nimeijua sauti ya baba yangu mdogo, na furaha ilinijaa hivyohivyo na majonzi yangu, kwa hiyo nilimwacha mlangoni nikakimbia kuja kuwaambia ninyi.

Kaseti iko kwenye pipa la mchele. Watoto wameanza kulalamika kwamba wali una harufu.